Kabla Ununue Pampu Kubwa, Nunua Geji

Kama ulikuwa unanifuata mwaka jana, unakumbuka ile video. Sekunde arobaini. Mimi chini ya dashibodi, tochi mdomoni, nikionyesha vile unaweza kutoa waya moja kwa switi ya ufunguo na kuipeleka moja kwa moja hadi kwa pampu ya mafuta. "Washa ufunguo, pampu inapiga. Achana na story za rilei." Hayo ndiyo maneno niliyosema. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kupost.

Nimeifuta. Na hii posti ni ndefu kwa sababu nataka kueleza kwa nini, na pia nina ugomvi na nyinyi, na mafundi wenu, na mimi mwenyewe.

Kijana mmoja aliyetazama ile video alifanya vile nilisema. Alikuwa ameswapu injini, kama wengi wetu. Miezi michache baadaye usiku mmoja akakwepa ng'ombe, gari ikaingia mtaroni. Si kwa kasi. Injini ilizima. Yeye na rafiki yake walikuwa sawa, mkwaruzo tu. Lakini mpira wa mafuta ulichomoka pale mbele, na pampu, ile niliyomfundisha kuifunga moja kwa moja, haikujua kwamba injini imezima. Ufunguo bado ulikuwa umewashwa. Pampu ikaendelea kumwaga petroli juu ya injini moto. Walitoka. Gari haikutoka. Alinitumia picha ya mabaki na ujumbe wa maneno mawili: "Asante bro."

Sijawahi kulala vizuri tangu siku hiyo. Basi leo tuongee ukweli.

Ugonjwa wetu unaitwa "weka kubwa"

Hii jamii yetu ya magari tunaipenda lakini tuna tabia mbaya mbili. Ya kwanza: gari ikikosa nguvu, tunabadilisha kitu kabla ya kupima. Ya pili: tukibadilisha, tunaweka kikubwa kuliko kile kilichotoka. Msee ana Corolla ya 1600 na anatafuta pampu ya lita 450 kwa saa kwa sababu ameona jamaa wa Marekani akiiweka kwa gari ya nguvu farasi 700. Halafu anapiga picha ya boksi. Boksi! Hata pampu yenyewe haijaingia kwa tangi.

Najua kwa sababu huyo msee alikuwa mimi.

Mjomba alinipa Corolla yake ya EE90. Ile yenye injini ya 2E, 1300, kabureta. Nikapata 4A-FE iliyotoka Japani, injini ya injekta, na nikaanza kazi. Sasa sikiliza hapa, kwa sababu ndipo wengi huangukia. Gari ya kabureta ina pampu ndogo inayosukumwa na injini yenyewe, na presha yake ni kama psi 3 hadi 5 hivi. Kabureta haihitaji zaidi, mafuta yanajaza tu kile kibakuli. Injekta inataka kitu tofauti kabisa. 4A-FE ukichomoa mpira wa vakuyumu kwa regyuleta inataka karibu psi 38 hadi 44. Ukiurudisha, ikiwa inanguruma taratibu, inashuka hadi karibu 30 na kitu. Hiyo ni mara kumi ya kabureta. Kwa hivyo pampu ya zamani haina kazi tena, filta ya plastiki ya zamani haina kazi tena, na mpira wa mafuta wa zamani, ule uliopasukapasuka, ni bomu.

Basi nikanunua pampu. Ya kwanza ilikuwa ya Denso, iliyotumika, ya Japani, shilingi 2,500. Gari ikawaka, nikapiga nduru mtaa mzima ukasikia. Lakini kupanda mlima, ikifika kama rpm 4,000, inakohoa na kukufa nguvu. Fundi akasema, "Pampu hiyo ni used, imechoka." Nikaamini. Nikanunua mpya, 6,000. Shida ileile. Fundi akasema, "Hiyo ni feki, weka kubwa." Nikamkopa mathee 14,000, nikimwambia ni ya shule, Mungu anisamehe, nikaweka kubwa.

Sasa shida zikawa mbili. Mlimani bado inakohoa. Na ikiwa imesimama kwa taa za barabarani inatoa moshi mweusi na kunuka petroli mpaka watu wa matatu wanafunga madirisha. Wiki ya pili, kishikilia fyuzi kikayeyuka.

Jumla: pampu 3, shilingi 22,500, miezi minne, na gari mbaya kuliko pale nilianza.

Volti 9.6

Aliyenitoa gizani ni mzee mmoja wa waya, fundi wa umeme wa Industrial Area, mtu wa maneno machache. Hakufungua tangi. Hakuuliza pampu ni ya kampuni gani. Alichukua multimita, akaweka ncha zake kwa nyaya mbili za pampu huku injini ikiwa inafanya kazi. Akanionyesha: 9.6. Akaenda kwa betri, akapima: 13.8.

Akaniuliza, "Kijana, hizo volti nne zingine zimeenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Jibu lilikuwa kwa waya. Nilikuwa nimetumia waya nyembamba, ya redio, kutoka mbele hadi nyuma. Na waya wa nega nilikuwa nimeufunga kwa bodi juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, wasee. Zile volti nne zilikuwa zinageuka joto njiani. Pampu ilikuwa na njaa, na kila pampu kubwa niliyoleta ilikuwa inavuta umeme mwingi zaidi kwa waya ileile nyembamba, kwa hivyo hasara ilizidi. Ndiyo maana fyuzi iliyeyuka. Nilikuwa napima ukubwa wa pampu wakati shida ilikuwa unene wa waya.

Na ule moshi? Mafuta yasiyotumika na injekta hurudi kwa tangi kupitia paipu ya kurudi. Yangu ilikuwa ile nyembamba ya enzi za kabureta. Pampu kubwa ilisukuma mafuta mengi kuliko paipu ilivyoweza kurudisha, regyuleta ikashindwa, presha ikapanda hata injini ikiwa imetulia. Injekta zikamwaga zaidi ya vile kompyuta ilidhani inamwaga. Moshi mweusi, plagi nyeusi, petroli ikiosha oili kwa silinda.

Mzee aliweka waya nene, rilei moja, fyuzi karibu na betri, akakwaruza rangi hadi chuma kikang'aa na kufunga nega hapo. Vifaa vyote havikufika 1,500. Halafu akaniambia nirudishe pampu ya kwanza. Ile ya 2,500, iliyotumika, ambayo fundi alisema imechoka.

Mpaka leo ndiyo iko ndani. Inapanda mlima wowote utakaonipa.

Hesabu ambayo hakuna mtu anataka kufanya

Mtaniambia, "Lakini kubwa si ni salama zaidi? Heri kubaki na ziada." Sawa. Ziada ni nzuri. Lakini ziada ya kiasi gani? Hapa ndipo nataka mshike kalamu.

Injini ya petroli isiyo na tabo, ukikanyaga mpaka mwisho, hunywa takriban lita 0.3 kwa saa kwa kila nguvu farasi moja. Ya tabo weka 0.4, kwa sababu huongezewa mafuta ili isichemke ndani. Chukua 4A-FE, tuseme farasi 110. Mara 0.3 ni lita 33 kwa saa. Ongeza robo kwa usalama, unapata kama 41. Mimi nilikuwa nimeweka pampu ya 450. Zaidi ya mara kumi! Ni kama kuajiri lori la maji kujaza kikombe.

Haya, wenye Subaru msikasirike. Umetoa injini ndogo kwa Impreza, umeingiza EJ20 ya tabo ya farasi 250. Mara 0.4 ni lita 100. Ongeza robo, 125. Sasa hapo pampu ya ile injini ndogo haifai kuaminiwa, na pampu ya 255 inakutosha na inabaki. Mwenye Mark II aliyeweka 1JZ ya tabo ya farasi 280: lita 112, na robo yake 140. Bado 255 inakutosha. Haujafika 450. Hata haujaanza safari ya kwenda 450.

Lakini kuna mtego, na wauzaji hawausemi. Ile namba ya kwenye boksi si ahadi ya kila hali. Pampu hutoa mafuta kidogo kadiri presha inavyopanda. Na kwa gari ya tabo, regyuleta hupandisha presha ya mafuta pamoja na busti, ili injekta isishindwe na upepo uliojaa ndani. Ukianza na psi 43 na ukaweka busti ya 15, pampu inasukuma dhidi ya 58. Kwa hivyo swali la kumuuliza muuzaji si "Ni ya lita ngapi?" Swali ni "Ni lita ngapi kwa psi 58, kwa volti 13.5?" Akikuangalia kama umeongea Kichina, rudisha pesa mfukoni.

Na feki? Ziko. Pampu za Walbro zinaigizwa dunia nzima, na hapa kwetu boksi linaweza kuwa zuri kuliko pampu. Mimi naona hivi: kati ya pampu iliyotumika ya Japani iliyotoka kwa gari yenye injini kama yako, na pampu "mpya" ya jina kubwa inayouzwa bei ya nguo ya mtumba, chukua ya kwanza, ipime, ulale.

"Lakini fundi wangu ako na uzoefu wa miaka ishirini"

Nawaheshimu mafundi. Wengi walijifunza bila shule, bila vifaa, chini ya jua, na wakatoa magari barabarani. Uzoefu wa masikio na vidole ni kitu halisi.

Ila sikio halisomi psi. Pampu inaweza kulia vizuri kabisa na isitoe presha. Pampu inaweza kunyamaza na iwe mzima. Mfano ni huu. Toyota nyingi za injekta za enzi hiyo, ukiwasha ufunguo tu, pampu haipigi. Inasubiri injini izungushwe na stata. Lakini wangapi wameambiwa, "Washa ufunguo, sikia. Hakuna sauti? Pampu imekufa"? Subaru hupiga sekunde kama mbili ukiwasha ufunguo, kwa hivyo fundi aliyezoea Subaru anahukumu Toyota kifo. Na kuna njia rahisi ya kujua: kwa kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, unganisha Fp na +B kwa kipande cha waya, washa ufunguo. Ikipiga, pampu na waya zake ziko, shida iko kwa amri, si kwa pampu. Dakika moja. Bure.

Kwa hivyo si suala la kumdharau fundi. Ni suala la kumwambia kwa heshima, "Fundi, kabla tununue, tupime." Akikasirika kwa sababu umeomba kipimo, hapo umejua kitu kumhusu. Daktari akikupa dawa ya malaria bila kukupima, utamsifu kwa uzoefu?

Na tusisahau nani hulipa gharama ya kubahatisha. Fundi analipwa kazi kila mara tangi inaposhushwa. Muuzaji analipwa kila pampu. Pampu ya umeme ikishafungwa ukaitumia, hairudishwi dukani. Wewe, mwanafunzi, au mwenye kazi ya mshahara wa kuhesabu, ndiye unayelipia kila kubahatisha.

Pima hivi, kwa mpangilio huu

Geji ya presha ya mafuta nilinunua 3,500. Multimita 1,000. Jumla 4,500. Linganisha na 22,500 zangu. Sasa fanya hivi, nje penye hewa, betri salama, sigara mbali, na mtungi wa kuzima moto karibu na mkono, si kwa jirani.

Kwanza, fyuzi na rilei. Najua inachosha. Fanya tu.

Pili, volti kwa pampu yenyewe, ikiwa inafanya kazi. Si ikiwa imezimwa, kwa sababu waya mbovu isiyo na mzigo huonyesha volti nzuri kabisa na kukudanganya. Linganisha na betri. Tofauti ikizidi nusu volti hivi, tafuta waya kabla ya kutafuta pampu.

Tatu, upande wa nega. Ncha moja kwa nega ya pampu, nyingine kwa nega ya betri, pampu ikiwa inapiga. Unataka kuona karibu na sifuri. Ukiona volti nzima hapo, bodi yako haijashika.

Nne, presha. Geji kwa laini ya mafuta, soma vakuyumu ikiwa imechomolewa na ikiwa imerudishwa. Usome pia injini ikiwa na mzigo, kwa sababu gari inakohoa mlimani, haikohoi kwa parking. Presha ikianguka rpm zikipanda, mafuta hayatoshi. Presha ikiwa juu mno hata injini ikiwa imetulia, angalia regyuleta na paipu ya kurudi.

Tano, presha ikiwa chini, bana mpira wa kurudi kwa sekunde moja tu. Mpira tu, usibane plastiki wala chuma. Presha ikiruka juu, pampu iko na nguvu, mwizi ni regyuleta. Isipopanda, rudi nyuma: filta imeziba, mpira ndani ya tangi umepasuka, au kweli pampu imechoka.

Sita, kiasi. Peleka mafuta ya kurudi kwa jerikeni la kupimia kwa sekunde 15. Nusu lita kwa sekunde 15 ni lita 120 kwa saa. Hesabu yako unayo tayari.

Saba, zima na uangalie geji. Presha ikidondoka mara moja hadi sifuri, kuna kitu kinavuja: vali ya pampu, regyuleta au injekta. Ndiyo maana gari nyingine, hasa ikiwa moto, inataka kuzungushwa stata mpaka betri ilie.

Ukimaliza hayo na vidole vyote vinaelekeza kwa pampu, basi nunua pampu. Na ununue ukijua namba, si ukijua rangi ya boksi.

Tangi, mipira, na mambo ya kuua watu

Hapa nitakuwa mkali, kwa sababu hapa ndipo nilikosea.

Tangi ya kabureta kwa kawaida haina kuta za ndani za kuzuia mafuta yasikimbie. Kabureta haijali, ina akiba yake. Injekta haina akiba. Ukiwa na robo tangi, ukizunguka raundabauti, mafuta yanakimbilia upande mmoja, pampu inavuta hewa, na gari inakata. Unafikiri ni pampu. Ni tangi. Dawa bora ni kutafuta tangi ya ndugu yake gari yako mwenye injekta. Mimi mwishowe nilifanya hivyo, na paipu ya kurudi nikaipanua. Isipopatikana, weka tangi ndogo ya akiba, pampu dhaifu ya kuijaza, na pampu ya presha ikivuta kutoka hapo. Na tafadhali, hii tabia yetu ya kuweka mafuta ya mia mbili mia mbili, pampu ya ndani hupozwa na mafuta yenyewe. Ikivuta hewa kila kona, inajiua polepole.

Usichomelee tangi. Kamwe. Hata tupu. Hasa tupu. Petroli yenyewe haikusubiri, mvuke wake ndio unaokusubiri, na tangi tupu imejaa mvuke. Mpe mtu mwenye vifaa na ujuzi wa kazi hiyo, au tafuta tangi nyingine.

Mpira wa mafuta una maandishi. Soma. Ule wa kabureta huandikwa SAE J30R7. Wa injekta ni J30R9. Unaozama ndani ya mafuta kwa tangi ni J30R10, kwa sababu mpira wa kawaida, hata mzuri, haukutengenezwa kulowekwa nje na ndani. Vivyo hivyo waya za ndani ya tangi: ziwe za kustahimili petroli, na zipite kwa kizibo maalum, si tundu lililozibwa kwa gundi.

Sasa, rilei. Toyota hawakuweka ile rilei ya pampu ili kukusumbua. Wakati wa kustati, inapewa umeme. Injini ikizunguka, kompyuta inaendelea kuishikilia. Injini ikizima kwa sababu yoyote, ajali, mtaro, ng'ombe, amri inakatika na pampu inanyamaza, hata kama ufunguo umewashwa na wewe umezimia. Hiyo ndiyo kazi yake. Kitu kinachoonekana kama usumbufu wa waya mbili tatu ni mtu anayesimama kati yako na moto.

Mimi niliwaambia mumtoe huyo mtu. Kwa sababu ilikuwa rahisi, na ilionekana poa kwa video.

Kwa hivyo: kama ulifuata ile video yangu, gari yako leo iko na hatari niliyoiweka mimi. Rudisha rilei. Kama kompyuta yako ya swapu haina amri ya pampu, weka ile swichi inayokata umeme gari ikigongwa, zinapatikana kwa magari yaliyovunjwa. Kama huwezi kulipa fundi wa waya mwezi huu, acha gari nyumbani mwezi huu. Panda matatu. Hakuna aibu.

Na ukishamaliza, badilisha namba ya injini kwa logbook huko NTSA na uambie bima yako. Kumbuka tu, ile bima ya thadi pati pekee haikulipi gari yako ikiungua. Yule kijana alijua hivyo asubuhi yake.

Naelekea wapi na haya yote

Wengine mtasema nimegeuka mhubiri. Kwamba swapu ni sanaa, ni uhuru, na watu wa vipimo wanaharibu raha. Mimi bado naipenda kuliko wengi wenu. Hakuna kitu kama kusikia injini uliyoiweka kwa mikono yako ikinguruma ndani ya gari ambayo mjomba alikuwa anataka kuuza kwa kilo. Sitaki mtu aache.

Ninachokataa ni uongo kwamba kubahatisha ni ujasiri. Kuendesha gari usiyojua presha yake ya mafuta ni uvivu tu uliovaa jaketi ya ngozi. Na sisi wa kutengeneza video tuna dhambi kubwa zaidi, kwa sababu boksi la pampu kubwa lina watazamaji na geji haina. Multimita haipendezi kwa kamera. Kukwaruza rangi ili nega ishike hakumfanyi mtu yeyote abonyeze moyo.

Basi naahidi hivi, na mnishike nalo. Kuanzia sasa, hakuna kitu cha mafuta nitawaonyesha bila namba: volti kwa pampu, psi kwa laini, lita kwa sekunde 15. Namba zikikosa, jueni nawauzia boksi.

Yule kijana bado tunaongea. Anatafuta bodi nyingine ya kuanza upya. Geji yangu nimempa. Si mkopo, ni yake. Pampu kubwa ya 14,000 nayo iko kwa rafu juu ya kitanda changu, pale naiona kila asubuhi. Mathee aliniuliza juzi ile kitu ni nini na mbona siiuzi.

Nikamwambia ni karo. Zamu hii sikumdanganya.